Muziki wa Samhain na Kuwakumbuka Mababu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Oktoba inapoyoyoma maswali huwa yale yale: wanaopiga ngoma kuzunguka moto usiku ni akina nani, wanamwimbia nani, na sisi tulioalikwa tufanyeje? Majibu ya hapa yanahusu zaidi Uingereza, Uskoti na Ayalandi, ambako sikukuu yenyewe imetoka, na kidogo Lithuania na Aisilandi. Kila ilipowezekana nimesema jambo fulani lina umri gani, kwa sababu katika uwanja huu kila kitu huuzwa kwa jina la "kale", hata kilichotungwa juzi.

Samhain ni nini, na huangukia lini?

Ni sikukuu ya Wagaeli wa Ayalandi, Uskoti na Kisiwa cha Man. Huanza jua likizama Oktoba 31 na kuendelea Novemba 1. Tamka "sawin" utaeleweka. Mwaka wao ulikuwa na vituo vinne: Imbolc mwanzoni mwa Februari, Bealtaine mwanzoni mwa Mei, Lughnasa mwanzoni mwa Agosti, na hii. Kwa wafugaji maana yake ilikuwa wazi. Ng'ombe waliokuwa malishoni mlimani tangu Mei wameshashushwa, na wale ambao nyasi za akiba zisingewatosha hadi baridi iishe walichinjwa. Nyama ipo, pombe ipo, nafaka iko ghalani, na giza linaingia. Anayeishi Edinburgh hahitaji kuelezwa zaidi: saa zikisharudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua linazama saa kumi na nusu jioni.

Wapagani wa Australia na Afrika Kusini huigeuza kalenda na kuiadhimisha mwishoni mwa Aprili, kwa kuwa kwao baridi inakaribia wakati huo.

Ni kweli ilikuwa siku ya wafu tangu enzi za kale?

Hapa wengi hawapendi jibu. Ushahidi ni haba. Tunachokijua kuhusu Samhain ya kale kimetoka zaidi kwenye hadithi za Kiayalandi zilizoandikwa na watawa wa Kikristo, karne kadhaa baada ya dini ya zamani kuzimika. Katika hadithi hizo usiku wa Samhain ni wa hatari: vilima vya kale hufunguka na wakazi wake hutoka. Lakini wanaotoka si babu na bibi waliokuja kusalimia wajukuu. Wanafanana zaidi na majini kuliko mizimu.

Kisa kimoja kinagusa muziki moja kwa moja. Kila mwaka Samhain ikifika, kiumbe aitwaye Aillén alitoka kilimani kwake akaenda Tara, makao ya mfalme mkuu, akipiga ala ya nyuzi. Kila aliyemsikia alisinzia, awe mlinzi, awe majeruhi anayeguna kwa maumivu. Wakishalala wote, alipuliza moto kinywani na kuyateketeza makao yale. Aliyemkomesha ni kijana Fionn mac Cumhaill. Usingizi ulipoanza kumchota, aliegemeza paji la uso kwenye chuma cha mkuki wake wa ajabu, akabaki macho, akamuua.

Mwanahistoria Ronald Hutton wa Chuo Kikuu cha Bristol ameupitia ushahidi huu kwa makini na kuonyesha kuwa hakuna kinachothibitisha sikukuu ya wafu kabla ya Ukristo. Wafu wanaonekana waziwazi Kanisa linapoingia: Novemba 1 kama Siku ya Watakatifu Wote ilienea Ulaya magharibi katika karne ya 9, na karibu na mwaka 1000 abati Odilo wa monasteri ya Cluny, Ufaransa, akaiweka Novemba 2 kuwa siku ya kuwaombea marehemu wote. Ile habari kwamba Samhain ni "mwaka mpya wa Wakelti", yaani watu wa kale ambao Wagaeli ni tawi lao, nayo ilienezwa na profesa mmoja wa Oxford, John Rhys, mwishoni mwa karne ya 19.

Basi wanaoiadhimisha leo walitoka wapi?

Karne ya 20. Sheria ya uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa Uingereza mwaka 1951, na haikuchukua muda Gerald Gardner, ofisa mstaafu wa forodha aliyekuwa amefanya kazi Malaya, akajitokeza hadharani na dini ya uchawi ambayo leo inaitwa Wicca. Rafiki yake Ross Nichols alianzisha mwaka 1964 jumuiya ya Madruidi, wapagani waliojipa jina la makuhani wa kale wa Wakelti. Katika duru hizo mbili ndimo ilimoshonwa kalenda ya sikukuu nane unayoikuta sasa kila mahali. Jina Mabon, wanaloiita siku ya Septemba ambapo usiku na mchana hulingana, lilitolewa na Mmarekani Aidan Kelly miaka ya 1970. Ni changa kuliko baadhi ya wanaoliimba.

Sensa ya mwaka 2021 ya Uingereza na Wales ilihesabu watu wapatao 74,000 waliojiandika wapagani, na wengine 13,000 hivi wa Wicca. "Mpagani" kwetu ni tusi la kanisani. Wao wamelichagua wenyewe, kwa hiyo nalitumia kama wanavyolitumia.

Wakisema "mababu" wanamaanisha nani?

Madruidi wa Uingereza huwagawa mafungu matatu. Wa damu ni waliokuzaa. Wa mahali ni wote waliowahi kulima, kuishi na kuzikwa pale unaposimama, hata kama huna nasaba nao. Wa mapokeo ni waliokutangulia katika njia unayoifuata, iwe ushairi, uganga au ufundi seremala. Mgawanyo huu si wa kale, lakini umefanya kazi nzuri: mhamiaji kutoka Bukoba anaweza kusimama Leeds akawataja waliokufa Leeds na hakuna atakayemuuliza ukoo.

Habari ya mababu wa mahali haikuishia kwenye nyimbo. Mwaka 2004 Druidi Emma Restall Orr alianzisha kikundi cha Honouring the Ancient Dead, kinachotaka mifupa ya kale iliyomo kwenye majumba ya makumbusho ya Uingereza itendewe kwa heshima. Msomaji wa Old Moshi, anayejua jinsi familia ya Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, ilivyohangaika kulitafuta fuvu lake Ujerumani, ataielewa hoja hiyo haraka kuliko Waingereza wengi. Uzito wa mambo haya mawili hata hivyo si mmoja. Huku kuna wajukuu wenye majina wanaodai babu yao. Kule kuna mifupa ya maelfu ya miaka ambayo hakuna anayeweza kusema kwa yakini ni ya nani.

Ni sawa na matambiko yetu?

Kwa macho, ndiyo. Chakula kinawekwa, kinywaji kinamwagwa chini, majina yanatajwa, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Chini ya hapo njia zinaachana. Kwa Wachagga au Wamijikenda tambiko lina mwenyewe: mzee wa ukoo au wazee wa kaya, watu wenye haki ya kusema na waliotangulia. Na mara nyingi lina sababu: mvua imegoma, mtoto anaugua, kaburi limesahauliwa. Mzimu ukipuuzwa unadai. Kwa wapagani wa leo hakuna ukoo unaokushika shati. Tarehe ndiyo inayoita, na marehemu hadai kitu, anakaribishwa tu. Mzee wa kaya akipelekwa kwenye Samhain ya Brighton nadhani angeuliza: "Na msipofanya, inakuwaje?" Wengi pale wangetazamana.

"Mlo wa kimya" ni nini, na upigiwe muziki gani?

Haupigiwi muziki. Meza inaandaliwa, kiti kimoja kinaachwa wazi, sahani ya marehemu inapakuliwa kwanza, na kuanzia hapo hakuna anayefungua mdomo ila kula. Wengine huanza na vitu vitamu na kumalizia na supu, kinyumenyume. Wakimaliza, kile cha marehemu hupelekwa nje chini ya mti, na hapo ndipo watu huimba.

Asili yake inachekesha kidogo. Zamani Uingereza na Marekani huu ulikuwa mchezo wa wasichana wa kubashiri mume: walipika na kuandaa meza kimya, wakitembea kinyumenyume, wakitaraji kwamba usiku wa manane sura ya mchumba itatokea na kuketi. Wapagani wamemwondoa mchumba wakamketisha bibi. Kwa maoni yangu mlo umenufaika.

Nyimbo za ibada zenyewe zikoje?

Fupi. Mistari miwili hadi minne, inayorudiwa mpaka ulimi unatangulia akili. Sababu ni ya kawaida kabisa: ni giza, karatasi haisomeki, na nusu ya waliopo hawajawahi kuusikia wimbo. Kiongozi anauimba peke yake mara moja, umati unaudaka, kisha kundi moja linaanza upya wakati jingine limefika katikati, na sauti zinapandana. Ala ni ngoma bapa ya kushikwa mkononi, njuga, pengine filimbi. Aliyekulia kwenye ngoma za kwetu atashangaa jinsi mdundo ulivyo mwepesi: pigo, kimya, pigo, kimya, saa nzima. Asijaribu kuupamba. Unawekwa hivyo makusudi, watu watembee nao.

Nyingi ya nyimbo hizi zilitungwa Marekani miaka ya 1970 na 1980, na kitovu kimojawapo ni San Francisco, ambako jumuiya iitwayo Reclaiming, aliyoianzisha Starhawk na wenzake, imefanya Samhain ya hadhara tangu mwaka 1979. Majina ya waliofariki mwaka huo husomwa kwa sauti, halafu huja mchezo wa mzunguko. Watu wote wanashikana mikono katika duara. Kiongozi anauachia mkono wa upande mmoja na kuanza kuwavuta wengine kuelekea katikati, duara likijikunja ndani yake kama konokono. Akifika katikati anageuka ghafla na kurudi njia aliyojia, sasa akiwa uso kwa uso na wanaomfuata. Mnyororo ukiendelea kupita, kila mtu hujikuta ametazamana na kila mwenzake, sekunde moja moja, huku wote wanaimba mistari ile ile. Wenye machozi hulia hapo, mbele ya watu wasiowajua, na hakuna anayesimama kwa sababu mnyororo hausimami.

Edinburgh ni jambo jingine. Tamasha la Samhuinn la Beltane Fire Society, lililoanza miaka ya 1990, ni maonyesho ya hadhara: waigizaji waliopakwa rangi, wacheza moto, vikosi vya ngoma nzito, na kisa cha Mfalme wa Kiangazi kumpisha Mfalme wa Baridi. Unaweza kwenda kama unavyokwenda kwenye tamasha lolote. Vaa koti.

Kwa hiyo hakuna wimbo wa zamani kweli?

Zipo, na ndizo nzuri kuliko zote, ila karibu zote si za kipagani.

Chukua nyimbo za mikate ya roho. Uingereza, hasa Cheshire na Shropshire, watoto na maskini walipita nyumba kwa nyumba mwanzoni mwa Novemba wakiimba na kuomba mikate midogo yenye viungo. Zamani za Ukatoliki, mpokeaji aliahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Wimbo mmoja wa Cheshire ulinakiliwa miaka ya 1890, na baadaye kundi la Kimarekani la Peter, Paul and Mary likatengeneza toleo lake, kisha mwimbaji Sting. Kijijini Antrobus bado kuna kundi linalozunguka baa kila mwaka majira hayo na mchezo wa kuigiza wenye farasi wa fuvu halisi, akifyatua taya. Ni kelele, bia na vicheko. Hakuna anayeonekana kuwaza mungu yeyote.

Kisha kuna wimbo wa Yorkshire wa kukesha na maiti, ambao John Aubrey aliuandika mwaka 1686. Unamwambia marehemu safari yake: atavuka nyika ya miiba. Kama enzi za uhai aliwahi kumpa mtu soksi na viatu, atavikuta pale, aketi avivae. Kama hakutoa, miiba itamchoma mpaka mfupani. Mbele kuna daraja, na mbele zaidi kuna moto, na huko pia kilichotolewa duniani ndicho kinachookoa. Beti ni chache, kiitikio hakibadiliki, na mahadhi yanapanda na kushuka kwa hatua ndogondogo. Wapagani wanaupenda sana Samhain, ingawa toharani yake ni ya Kikatoliki mtupu na kila ubeti unaishia kwa jina la Kristo. Msikilizaji wa kwetu atasikia fundisho la sadaka analolijua tangu utoto.

Wimbo wa kisa unaofungamana na usiku wenyewe ni ule wa Tam Lin, wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza. Kisa hicho kilitajwa tayari mwaka 1549, na Francis James Child aliupa wimbo namba 39 katika mkusanyo wake wa nyimbo 305. Kijana ametekwa na watu wa vilimani, na Janet, mwenye mimba yake, lazima amwangushe kutoka kwenye farasi usiku wa Halloween na kumkumbatia bila kumwachia wakati wanamgeuza nyoka, mnyama mkali, chuma cha moto. Ni mrefu. Usiukate, maana hofu yake yote iko kwenye marudio.

John Barleycorn, unaoimbwa kila mahali msimu wa mavuno kama eti ni mungu wa nafaka anayechinjwa, ni wimbo wa kutengeneza pombe. John mwenyewe ni shayiri: inavunwa, inapondwa, inanywewa. Nadharia ya mungu iliongezwa na wasomi baadaye.

Na maombolezo ya Kiayalandi?

Haya hayakuwa ya Samhain. Yalikuwa ya msiba wowote, lakini wapagani wengi wameyachukua, na yanastahili maelezo. Wanawake mahiri, wengine wakilipwa, waliketi na maiti na kumwimbia. Kwanza humwita kwa jina, kisha husifu nasaba yake, mali yake, ukarimu wake, pengine kumkemea kwa kuondoka mapema; halafu waliopo wote hujiunga kwenye kilio kisicho na maneno. Maneno yalitungwa papo hapo juu ya mifumo iliyozoeleka, kama ambavyo manju hufanya. Maaskofu walilipiga marufuku mara kwa mara tangu karne ya 17, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa limekaribia kutoweka.

Mwaka 1773 Eibhlín Dubh Ní Chonaill alijua mumewe Art ameuawa pale farasi jike wake aliporudi nyumbani peke yake. Kwa mujibu wa ombolezo lake mwenyewe alirukia tandiko, akaenda mbio mpaka kwenye maiti, akaiteka damu kwa viganja na kuinywa. Beti hizo zilibebwa vinywani muda mrefu kabla ya kuandikwa. Mwaka 1951 Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, alimrekodi Kitty Gallagher wa Donegal akiimba ombolezo la mtoto. Ni dakika chache tu, na zinatosha.

Nje ya visiwa hivyo, wapi pengine kuna muziki wa namna hii?

Lithuania, na kwa masikio yangu ndiko kuliko na hazina kubwa. Novemba 1 na 2 makaburi yote huwaka mishumaa, kwa Wakatoliki na wasio Wakatoliki. Jumuiya ya Romuva, inayofufua dini ya Wabalti, huwaimbia marehemu kwa nyimbo za vijijini, na kundi lake la Kūlgrinda liliasisiwa na Jonas Trinkūnas na mkewe Inija, ambaye aliongoza Romuva baada ya mumewe kufariki mwaka 2014. Bunge liliinyima jumuiya hiyo utambuzi mwaka 2019. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema mwaka 2021 kwamba haki zao zilikiukwa, na utambuzi ukaja Desemba 2024.

Nyimbo walizo nazo ni pamoja na sutartinė, za wanawake wa kaskazini mashariki mwa nchi, zilizoingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010. Sauti mbili zinaimba mahadhi mawili tofauti kwa wakati mmoja, na mara nyingi zinaachana kwa hatua moja tu ya ngazi ya muziki. Mwalimu wa kwaya angesema wamekosea. Wao wanataka ule mgongano wenyewe: zikigongana sawasawa, hewa inatetemeka kama kengele mbili zilizogongwa pamoja. Maneno ya kiitikio mara nyingi hayana maana yoyote.

Aisilandi chama cha Ásatrú kilianzishwa mwaka 1972, na kiongozi wake wa kwanza, Sveinbjörn Beinteinsson, alikuwa mfugaji kondoo na mshairi aliyeghani beti za kale kwa mahadhi ya kwao. Aliyekishika baadaye, Hilmar Örn Hilmarsson, ni mtunzi wa muziki wa filamu. Wao huadhimisha kuingia kwa baridi mwishoni mwa Oktoba.

Bendi kama Wardruna zinapiga muziki wa Waviking?

Hapana, na Einar Selvik aliyeianzisha Norwe hajadai hivyo. Hakuna mahadhi ya enzi hiyo yaliyotufikia kwa maandishi. Wanatengeneza muziki mpya kwa pembe za mbuzi, zeze za nywele za farasi na lugha ya zamani. Ni muziki mzuri wa leo.

Kuna tahadhari moja ambayo msomaji mweusi anapaswa kupewa bila kuzungushwa. Alama na nyimbo za Kinordiki zimeibwa na wabaguzi wa rangi, na Marekani kuna vikundi vinavyopokea watu weupe tu. Selvik amewakana hadharani, na chama cha Aisilandi pia. Kabla ya kwenda kwenye mkusanyiko wowote wa aina hii soma masharti yao ya uanachama. Wakitaja "damu" au "asili ya Ulaya" mara nyingi kuliko wanavyotaja miungu, baki nyumbani.

Mimi ni Mkristo, au Muislamu. Nikisikiliza nimekosea?

Hilo muulize padri, mchungaji au shehe wako. Ukurasa huu hautoi fatwa. Ninachoweza ni kukutenganishia. Nyimbo za visa, kama Tam Lin, hazimwombi mtu. Nyimbo za mikate ya roho na za kukesha na maiti ni za Kikristo. Nyimbo fupi za ibada ndizo zinazoita miungu kwa majina: Hecate, Cerridwen, Cailleach, Odin. Ukisikia majina hayo yanarudiwa, ujue unasikia dua, hata kama ngoma ni nzuri.

Watoto wamealikwa Halloween shuleni. Inahusiana?

Ni mjukuu wa mbali. Wahamiaji wa Ayalandi na Uskoti waliipeleka Amerika, ikarudi na maboga. Kwao walichonga tanipu, ambazo ni ngumu kama kuni. Utazikomba kwa kijiko nusu saa na kiganja kitaota lengelenge, na ukiwasha mshumaa ndani harufu yake ni ya kabichi inayoungua. Uskoti mtoto hakupewa kitu bure: alitakiwa kwanza aimbe, aghani au atege kitendawili. Kisiwa cha Man watoto bado wana wimbo wao, Hop-tu-Naa. Kama unataka wanao wapate kitu cha maana kuliko peremende, wafundishe wimbo mmoja wa kuimba mlangoni.

Mioto ya Novemba 5?

Ni ya Guy Fawkes na njama ya kulipua Bunge mwaka 1605. Haihusiani.

Nimealikwa kwenye Samhain. Nifanyeje?

Kwanza hakikisha umealikwa kweli. Karibu mwaka 1018 mshairi Sigvatr, Mkristo aliyekuwa safarini Uswidi kwa ajili ya mfalme wa Norwe, aligonga mlango baada ya mlango akitafuta pa kulala, na kila mahali akafukuzwa kwa kuwa walikuwa katikati ya sadaka ya vuli. Bibi mmoja alimwambia anaogopa hasira za Odin. Hata leo ibada za nyumbani ni za wenyewe. Za hadhara hutangazwa wazi.

Peleka chakula cha kugawana, mkate au matunda yanatosha. Simu zima, usipige picha mpaka uulize. Usivuke duara likishafungwa. Ukihitaji kutoka, mwambie aliye karibu, watakufungulia. Kinywaji kikizungushwa na wewe hunywi pombe, inua kikombe na ukipitishe, hakuna atakayekushangaa. Ikifika zamu ya kutaja wafu wako, taja majina matupu: "Bibi Asha. Mzee Juma." Wageni wengi hujitahidi kusimulia maisha ya marehemu na kuwaweka watu wazima kwenye baridi robo saa. Usipotaka kutaja, nyamaza, zamu itapita.

Makofi hayapigwi wimbo ukiisha.

Naweza kutumia nyimbo hizi kwenye video yangu?

Wimbo wa jadi wenyewe hauna mwenyewe. Rekodi yake ina mwenyewe, na mpangilio mpya wa sauti pia. Zile nyimbo fupi za ibada watu hudhani ni za jadi kwa kuwa kila mtu anaziimba, kumbe nyingi zina watunzi, na wengine wako hai. Tafuta jina kabla ya kuandika "wimbo wa asili".

Sijui chochote. Nianze kusikiliza wapi?

Anza na ombolezo la Kitty Gallagher, sauti moja tu bila ala. Kisha sutartinė yoyote ya wanawake wawili au watatu, halafu wimbo wa mikate ya roho kama unavyoimbwa na watu wa kawaida, si wasanii wakubwa. Tam Lin uweke usiku ambao huna haraka. Bendi za jukwaani zije mwisho, maana zimejaa mwangwi wa studio na ukianza nazo zile nyingine zitaonekana maskini. Na sutartinė usiisikilizie kwenye spika ya simu. Tumia visikizi, la sivyo sauti mbili zile utazisikia kama moja iliyopotoka.